Ghala Linanuka

Mama yangu alisoma shule ya msingi kwa ubini wa babu yake. Ubini wa baba yake haukufaa, kwa sababu popote jina lake lilipotajwa Kilindoni lilifuatwa na jina la utani: Kiberiti. "Mtoto wa Kiberiti huyo anakuja." Watoto wenzake walikuwa wakimwona njiani wanajifanya kuficha viberiti mifukoni, kisha wanacheka. Anasema alipofika darasa la nne alikuwa ameshajifunza kucheka nao.

Jina hilo lilitokana na ghala la mbata lililoungua usiku mmoja wa masika, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa wasiotoka Pwani, mbata ni nyama ya nazi iliyokaushwa, ile inayopelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Mafia ni kisiwa cha minazi. Mashamba yake makubwa yalistawi katika karne ya 19, enzi za wenye mashamba wa Kiomani, kwa kazi ya watumwa, na baada ya hapo kila serikali iliyokuja, ya Mjerumani, ya Mwingereza na yetu wenyewe, ilikuta mbata ndiyo fedha ya kisiwa. Babu, baba yake mama, alikuwa mlinzi wa ghala moja la mtu binafsi. Moto ulipozuka alikuwa zamu, peke yake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake alikuwa nao yeye. Watu hawakuhitaji ushahidi zaidi ya huo. Mlinzi kavuta sigara ndani, kalala, basi. Aliwekwa ndani siku tisa, akatolewa bila kushtakiwa, na hakupata kazi tena Kilindoni. Akamchukua bibi na watoto, akavuka kwenda kisiwa kidogo cha Bwejuu, kati ya Mafia na delta ya Rufiji, akawa mtu wa nyavu na kukausha dagaa mpaka alipofariki.

Nilikua najua habari hiyo kama mtu anavyojua kovu la mzazi wake. Sikuwahi kuiuliza. Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia nilichagua mada ambayo, nilidhani, haihusiani kabisa na nyumba yetu: makaa ya mawe katika Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Nilitaka kuandika kuhusu manowari.

Manowari yenyewe ni Königsberg. Wanaotoka upande wetu wanaijua. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff, na kuanzia siku vita ilipotangazwa shida yake kubwa haikuwa mizinga ya Waingereza. Ilikuwa makaa. Agosti 1914 iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester mashariki ya Aden, ikaikokota mpaka visiwa vya Hallaniyat huko Oman na kujipakulia makaa yake, ambayo yalikuwa makaa duni ya India. Waingereza nao walikuwa wananunua makaa yaliyokuwapo bandarini kwa Mreno ili Mjerumani asipate. Tarehe 20 Septemba iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye mikoko ya Rufiji. Meli yake ya kubebea makaa, Somali, iliteketea humo deltani Novemba kwa mizinga ya Waingereza. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia ili wawe na mahali pa kurushia ndege na kutia nanga, na Julai 11 meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikaimaliza Königsberg mlemle ndani ya mto. Kati ya Mafia iliyotekwa na mto uliozingirwa, Bwejuu ilikuwa katikati ya bahari hiyo yote, na hakuna kitabu nilichosoma kinachosema watu wake walikula nini miezi hiyo.

Kwa nini makaa yatoke mbali hivyo? Kwa sababu pwani yetu haikuwa na ya kwake, au ndivyo ilivyoaminika. Sultani Barghash alijaribu. Mwaka 1881 alimtuma Mskochi Joseph Thomson aende Ruvuma kutazama makaa ambayo Livingstone alikuwa ameyataja. Thomson alirudi na habari kwamba aliyoyakuta ni mawe meusi yasiyofaa kitu, na Sultani hakufurahi. Nacheka kidogo kila ninapoandika sentensi hiyo, kwa sababu leo malori yanashusha makaa ya Ngaka, mkoa wa Ruvuma, mpaka bandari ya Mtwara usiku na mchana.

Sehemu ya tasnifu iliyonipotosha, au tuseme iliyonirudisha nyumbani, ni ile ya meli ya Rubens. Wajerumani waliituma na tani 1,600 hivi za makaa kwa ajili ya Königsberg, pamoja na silaha. Aprili 1915 HMS Hyacinth iliikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliingiza maji ndani ya meli ikakaa chini, kisha akawasha moto mbao zilizokuwa juu ya sitaha. Waingereza waliona meli inawaka, wakaipiga mizinga, wakaamini imekwisha, wakaondoka. Ndipo Wajerumani wakarudi na kuopoa bunduki na mamilioni ya risasi, wakakaa wanafungua risasi na kuanika baruti. Makaa hayakumfikia Looff, lakini jeshi la nchi kavu liliishi kwa udanganyifu ule.

Nilijiuliza swali la kipuuzi: mbona maofisa wale waliamini upesi hivyo? Jibu lilinipeleka mbali na Tanga. Waliamini kwa sababu kwa mabaharia wa zama zile, meli ya makaa kuwaka lilikuwa jambo la kawaida. Tangu miaka ya 1870 Uingereza ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza kwa nini shehena za makaa zinajiwasha zenyewe katikati ya bahari. Titanic yenyewe iliondoka Southampton Aprili 1912 huku makaa ya ghala lake moja yakiwaka, na mwaka huohuo mchochea tanuri Frederick Barrett aliieleza tume jinsi walivyoamriwa kuyachimbua na kuyatoa. Abiria waliokuwa wanakunywa chai juu hawakujua.

Kujiwasha yenyewe. Nilisoma maneno hayo maktaba, saa tisa mchana, nikasikia masikio yanapata joto.

*

Ngoja nieleze kinachotokea, maana watu wengi niliowasimulia walinitazama kama nimewaletea habari za majini.

Makaa ya mawe yakikutana na hewa hunyonya oksijeni, na kila yanaponyonya hutoa joto kidogo sana. Ukiwa na jiwe moja mkononi, joto hilo linapeperuka hata hulihisi. Lakini rundika makaa yaliyosagika, uyafunike, uache hewa iingie kwa kuvuja tu. Hapo ndipo hatari ilipo. Hewa ikiwa nyingi, inalichukua joto na kuondoka nalo. Ikikosekana kabisa, hakuna oksijeni ya kunyonywa. Katikati ya hali hizo mbili oksijeni inafika na joto halitoki. Kadiri joto linavyopanda ndivyo makaa yanavyonyonya kwa kasi. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinazoongezeka kasi inakaribia kuwa maradufu. Mwanzoni ni siku na wiki. Mwishoni ni saa.

Katika mgodi wa chini ya ardhi, mahali pa hatari zaidi huwa pale walipokwishachimba wakaondoka. Kiswahili kina neno zuri la mahali pa namna hiyo, mahame, nami nitalitumia. Wachimbaji husonga mbele, nyuma yao dari huporomoka, na chini ya kifusi hubaki makaa yaliyovunjikavunjika ambayo hayakulipa kuchukuliwa. Hakuna anayeweza kuingia tena kutazama. Moto unaanza kwenye chumba kisicho na mtu, na kinachotoka kuja kuwaambia walio hai ni hewa tu.

Na hewa husema mapema. Kabla ya moshi, kabla ya mwali, mwamba hutoka jasho, kwa sababu unyevu unaotolewa na makaa yenye joto huganda kwenye kuta za baridi. Hutokea ukungu mwembamba usioeleweka. Halafu harufu: wachimbaji wa nchi mbalimbali wameieleza kama mafuta ya taa, kama lami, kama kitu kitamu kilichooza. Wachimbaji wa Kiingereza walikuwa na jina lao maalumu kwa uvundo huo wa mahame, na mtu mwenye pua nzuri aliheshimiwa.

Pua hiyo ilipata msaada wa sayansi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1896 daktari Mskochi J. S. Haldane alionyesha kwamba wengi wanaokufa kwenye milipuko ya migodi hawauawi na mlipuko bali na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokea baada yake. Ni yeye aliyependekeza kushuka na wanyama wadogo, na ndiyo asili ya wale ndege wa kanari ambao migodi ya Uingereza iliendelea kuwatumia hadi 1986. Lakini kanari humwambia mchimbaji kwamba sumu imeshafika. Kwa moto wa mahame hiyo ni habari ya kuchelewa. Makaa huanza kutoa kaboni monoksaidi yangali na joto la kawaida tu, wiki nyingi kabla ya kuwaka, kwa kiasi ambacho hata ndege hakimsumbui.

Ivon Graham, aliyefanya kazi na Haldane huko Doncaster, ndiye aliyepata njia ya kukisoma kiasi hicho, na ni njia ninayoipenda kuliko kitu chochote katika tasnifu yangu, ingawa msimamizi wangu anasema haimo kwenye mada. Ukipima kaboni monoksaidi peke yake, unadanganyika. Feni ikiongezwa kasi, hewa safi inaichanganya gesi na kipimo kinashuka, nawe unafurahi wakati makaa yanazidi kuiva. Graham akasema: usiulize gesi ni kiasi gani, uliza oksijeni iliyopotea imezaa gesi kiasi gani. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.93. Tuseme hewa inayotoka upande wa mahame ina 20.53, imepotea 0.40. Na tuseme humo kuna kaboni monoksaidi asilimia 0.002. Gawanya, zidisha kwa 100, unapata 0.5. Sasa ongeza feni, ichanganye hewa hiyo nusu kwa nusu na hewa safi: oksijeni iliyopotea ni 0.20, gesi ni 0.001, na jibu bado ni 0.5. Huwezi kulificha kwa upepo. Kwa kawaida mgodi wenye afya hukaa chini ya 0.4 au 0.5. Ukifika 1, kuna mahali panapata joto. Ukifika 2, hali ni mbaya. Ukifika 3, kuna moto unawaka mahali ambapo huwezi kupaona.

Kinga zake si za ajabu. Usiache makaa mengi nyuma. Maliza eneo haraka na uondoke kabla muda wa makaa kuiva haujafika. Ziba mahame kwa kuta zisizovuja, na punguza tofauti ya msukumo wa hewa kati ya upande huu wa ukuta na ule, maana hiyo tofauti ndiyo inayoivuta hewa ipenye. Ikibidi, jaza nitrojeni ndani ili oksijeni ikose nafasi. Na pima, kila siku, mahali palepale, uandike kwenye daftari moja. La mwisho hilo linasikika jepesi kuliko yote, nalo ndilo linaloshindikana.

*

Moura ni mji wa machimbo katika jimbo la Queensland, Australia. Mwaka 1975, jirani hapo Kianga, makaa yalijiwasha na watu 13 wakafa. Mwaka 1986 mlipuko mwingine Moura uliua 12. Kwa hiyo mwaka 1994, katika mgodi uliojulikana kama Moura Namba 2, hapakuwa na mtu angeweza kusema hakujua makaa ya pale yana tabia gani.

Walikuwa wanamaliza eneo lililoitwa 512. Kuanzia Juni, watu waliopita humo walianza kutoa taarifa za harufu. Mmoja aliisikia, mwingine hakuisikia. Kaboni monoksaidi ilikuwa inapanda. Mgodi ulikuwa na mitambo ya kuvuta hewa na kuipima, hilo ndilo linaloumiza. Haukuwa mgodi wa gizani. Lakini taarifa moja ilibaki kwa msimamizi wa zamu, nyingine kwenye karatasi, nyingine kwenye mazungumzo ya kubadilishana zamu, na zilikuwa hazikutani. Tena palikuwa na imani kwamba makaa ya pale huhitaji miezi sita hivi kuiva, na eneo 512 lilikuwa halijafika huko. Harufu ilipingwa kwa kalenda.

Mwanzoni mwa Agosti harufu na ukungu vilizidi, wakaamua kuliziba eneo mapema kuliko walivyopanga. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, ila una hatari yake: ukiziba mahame yenye methani, gesi hupanda taratibu ndani yake na kuna saa ambazo mchanganyiko wake na hewa unafaa kulipuka. Ikiwa ndani tayari kuna mahali panapowaka, saa hizo ni za kukaa mbali. Wakaziba. Usiku wa Jumapili, Agosti 7, zamu ikashuka kama kawaida. Watu 21 walikuwa chini mlipuko ulipotokea, kumi walitoka. Agosti 9 mlipuko mwingine ulifunga habari, mgodi ukazibwa, na miili ya wale kumi na mmoja iko humo mpaka leo.

Tume iliyochunguza ilisema waziwazi kwamba dalili zilikuwepo, kwamba hazikuwasilishwa kwa waliopaswa kuzijua, na kwamba watu hawakuondolewa mgodini wakati hatari ya mlipuko ingalipo. Mwaka 1999 Queensland ikapitisha sheria mpya ya usalama wa migodi ya makaa. Tangu Moura, migodi mingi huandika mapema: kipimo kikifika hapa tunafanya hivi, kikifika pale watu wote wanatoka, bila kusubiri mkubwa arudi kutoka safari.

Nilisoma muhtasari wa uchunguzi huo mara mbili kwa siku moja. Mara ya pili nilikuwa sisomi habari za Australia.

Kwetu makaa ya chini ya ardhi yana historia fupi. Kiwira, kusini magharibi mwa nchi, ulijengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1988, na kwa miaka mingi ndio ulikuwa mgodi wetu wa makaa wa kushuka chini. Ngaka, ulioanza 2011, ni wa shimo la wazi. Ila makaa hayaachi tabia yake kwa kuwa yametolewa juani. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga soko la makaa, meli zilianza kuyabeba ya kwetu kutoka Mtwara kwenda Ulaya na India, na marundo meusi yakawa sehemu ya mandhari ya bandari. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema makaa yenye joto lililopita nyuzi 55 yasipakiwe melini, na hewa ya ngama ipimwe kaboni monoksaidi safari nzima. Ni hesabu ileile ya Doncaster, imepanda meli. Natumaini kuna kijana Mtwara mwenye kazi ya kusukuma kipimajoto ndani ya rundo, na natumaini akisema jambo anasikilizwa.

Kanuni hizohizo za bahari zina orodha ya shehena zinazoweza kujiwasha, daraja la 4.2. Nilikuwa naitafuta kwa sababu ya makaa. Nikashuka kwa kidole. Mkaa wa miti umo. Na mbata imo, ina namba yake: 1363.

*

Nazi mbichi, karibu nusu ya nyama yake ni maji. Mbata nzuri hubaki na maji asilimia sita hivi, na zaidi ya asilimia 60 yake ni mafuta. Ikirundikwa ikiwa mbichimbichi, au ikanyeshewa baada ya kukauka, ukungu na wadudu huanza kazi, na viumbe hao wakila hutoa joto. Joto hilo likishakuwa kali huwaua wenyewe, lakini wakati huo mafuta yameanza kunyonya oksijeni kama makaa yanavyofanya, na hayahitaji tena kiumbe chochote. Rundo kubwa, ghala lililofungwa, hewa ya kuvuja chini ya mlango. Hayo ni mahame yaliyojengwa kwa mawe na bati.

Nilipanda basi la Nyamisati Ijumaa iliyofuata, nikavuka na boti kwenda Kilindoni, na asubuhi yake nikapata mashua ya wavuvi kwenda Bwejuu. Nilikuwa nimechapisha ukurasa wa orodha ile, nimeuweka kwenye mfuko wa plastiki usilowe. Sijui nilidhani bibi atafanya nini na namba 1363.

Nilimkuta barazani anafuma ukili. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, mama yako mguu unaendeleaje. Kwa bibi huanzi na jambo. Nilisubiri mpaka tukala, mpaka akajiegemeza, ndipo nikamwambia, "Bibi, nimesoma kwamba mbata iliyolowa inaweza kuwaka yenyewe. Bila mtu."

Hakushtuka. Alisema, "Ndiyo. Inachemka."

"Ulijua?"

"Mjukuu wangu, mimi nimezaliwa ndani ya mbata. Nani asiyejua mbata ikilowa inachemka? Unatia mkono, unaungua."

Halafu akanisimulia ambayo mama hakuwahi kunisimulia, pengine kwa sababu hakuyajua. Siku kama kumi kabla ya moto, mashua mbili zilileta mbata kutoka visiwani na mvua ikazikuta njiani. Babu alisema isiingizwe, ianikwe kwanza. Lakini meli ya kuichukua ilikuwa inatarajiwa, na ile mvua haikuwa na dalili ya kukatika, kwa hiyo iliingizwa, ikawekwa chini, na mbata kavu ikapangwa juu yake. Baada ya siku nne babu alirudi nyumbani asubuhi akamwambia bibi, "Ghala linanuka." Akaenda kumwambia karani. Karani akamuuliza, ghala la mbata ulitaka linukie asumini? Siku ya sita akasema tena, akaongeza kwamba bati la upande mmoja linatoka jasho kwa ndani usiku. Karani akamwambia kazi yake ni wezi.

Niliweka kalamu chini. Jasho. Mtu ambaye hakuwahi kuona makaa ya mawe isipokuwa mabaki ya vyuma vya Königsberg kule Rufiji alikuwa ameisoma dalili ileile, kwa mpangilio uleule, unyevu na harufu, akaitolea taarifa mara mbili kwa mtu aliyepaswa kupokea taarifa. Hakuna daftari lililoandikwa. Ghala lilipoungua, kitu pekee kilichobaki kimeandikwa mahali ni kwamba mlinzi alikuwa na ufunguo.

"Na sigara?" nikauliza. Nilikuwa nakumbuka babu akivuta. Ni moja ya vitu vichache ninavyomkumbuka navyo, harufu ya Sportsman kwenye koti.

Bibi alinitazama muda mrefu. "Babu yako hakuwa anavuta. Alianza huku Bwejuu. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi pale kwenye mchanga na sigara, anakohoa kama mtoto. Nikamuuliza, wewe umeanza lini? Akaniambia, si wamesema navuta? Basi."

Sikuwa na la kusema. Niliutoa ule ukurasa, nikamwonyesha mstari. Bibi hasomi Kiingereza, aliupitisha kidole, akauliza kama jina la babu limo. Nikamwambia halimo. Akanirudishia.

Sijui nifanye nini na haya yote. Karani amefariki, na mwenye ghala pia. Watu wengi waliomwita mama mtoto wa Kiberiti ni wazee sasa na wanamsalimia vizuri. Siwezi kuthibitisha kwamba moto ule ulijiwasha. Majivu yake yalifagiliwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na Graham mwenyewe angehitaji chupa ya hewa ya usiku ule. Msimamizi wangu ameshauri sura hii niitoe kwenye tasnifu, kwa kuwa chanzo chake ni mtu mmoja na mtu huyo ni bibi yangu. Nimeitoa. Ndiyo mnayoisoma hapa.

Alasiri ile mawingu yalianza kujikusanya upande wa delta. Bibi ana minazi sita nyuma ya nyumba na huanika mbata kidogo kwenye jamvi, ya kuuza na ya mafuta ya nywele. Tulikwenda kuiokota. Sehemu ilikuwa imeshatiwa kwenye kapu tangu juzi, na alipolifikia aliinama, akazamisha mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautuliza hapo, macho yake yakitazama mbali, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Hebu tia na wewe," akasema.

Nikatia. Juu ilikuwa ya baridi. Katikati ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Tulilimwaga kapu lote sebuleni, tukaitandaza mbata sakafuni, vipande vikitazama juu, na usiku ule nililala mlangoni kwa kukosa pa kulala.